Rehema za Kitisuru

Jumanne, 13 Oktoba 2020

Nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kuandika shajara kwa Kiswahili mpaka mvua za vuli zitakapokwisha, na kwa kuwa sipendi kumpa mtu kazi nisiyoifanya mwenyewe, nami naanza leo. Jina langu Mabruka. Nimezaliwa Mombasa, Mji wa Kale, nikaolewa Nairobi. Naishi Parklands na mume wangu Taib, mwenye duka la vitambaa kule Mtaa wa Biashara, na binti yetu Afnan, ambaye chuo kikuu chao kimefungwa kwa korona na sasa anasomea chumbani kwake, au ndivyo anavyotuambia.

Kazi yangu ni kuwafundisha wageni Kiswahili. Chuo chetu kiko hapa hapa Parklands, ila tangu korona iingie mkurugenzi wetu, Bwana Mbugua, ametutawanya kwenye nyumba za watu. Mimi nimepewa Wamarekani wawili, kila Jumanne na Alhamisi, barazani kwa mmoja wao kule Kitisuru. Mwenye nyumba ni Debra. Mumewe yuko kwenye misheni inayochimba visima, na Debra mwenyewe huamka na Biblia na kulala nayo. Wa pili ni Jeremy, anakaa Spring Valley na kazi yake ni kuyashauri mashirika. Nimemuuliza anayashauri nini, akaeleza kwa muda mrefu na sikuelewa.

Debra alitaka tuanze kwa sala. Jeremy akakunja mikono, akatazama majani ya bustani. Mimi nilisema bismillahi yangu kama siku zote, nikafungua kitabu. Tulipoagana nikawaambia tutaonana Alhamisi, Mungu akipenda. Debra akaitikia amina. Jeremy akauliza, "Na asipopenda?" Tulicheka wote watatu.

Alhamisi, 15 Oktoba

Mvua bado. Jeremy ana kumbukumbu nzuri na hathubutu kusema jambo asilokuwa na hakika nalo. Debra ni kinyume chake: neno asilolijua hulitengeneza. Leo alinikaribisha akaniambia, "Mwalimu, chukua kikalio." Amechukua "kukalia", akakata, akashona, akapata kiti chake. Nilimsahihisha pale pale, nikamwambia makalio ni nini na yako wapi, akacheka mpaka machozi. Nampenda mwanafunzi wa namna hii.

Jumanne, 20 Oktoba

Matone machache tu. Ngeli ya I-ZI.

Jumanne, 27 Oktoba

Wiki ijayo kwao ni uchaguzi, na wameuleta barazani pamoja na chai. Debra anasema Mungu ndiye anayeweka wafalme na kuwaondoa, na rais wao amewekwa. Jeremy anasema dini ikae kanisani, siasa ikae bungeni, na nchi yao iliandikwa hivyo tangu mwanzo. Debra akamjibu kwamba hata hiyo nchi iliandikwa na watu waliokuwa wakisali. Wakaacha Kiswahili, wakaingia kwenye Kiingereza chao cha haraka haraka, nami nikabaki kutazama mawingu yakikusanyika upande wa Ngong.

Mwishowe wakanigeukia wote wawili wanitake shauri, kana kwamba mimi ni kadhi. Nikawaambia mimi huchagua Kenya na huko nako huniuma kichwa. Jeremy alinirudisha mpaka Parklands kwa gari lake. Njiani akaniambia watu kama Debra ndio wanaowaogopa Waislamu kama mimi. Nimemshukuru kwa lifti na kwa maneno hayo pia.

Jumatano, 4 Novemba

Mvua imefika kwa nguvu. Bwana Mbugua amefunga saumu siku tatu kwa ajili ya kura za Marekani. Mwaka 2017, kabla mahakama yetu haijafuta uchaguzi wetu, mtu huyu huyu alituambia ofisini tuache kulialia, tukubali, maisha yaendelee.

Alhamisi, 5 Novemba

Nitaandika mengi leo maana bado nimekasirika.

Somo lilikuwa kauli ya kutendwa. Nimelipanga tangu Septemba, wala sikuwa na nia ya kumchokoza mtu. Chai ilinywewa. Mlango ulifunguliwa. Nikawaambia kila mmoja anipe sentensi yake. Debra, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha na televisheni, akasema, "Kura ziliibwa."

Sentensi ni sahihi. Nami kwa mazoea ya kazi nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mwanafunzi kwa miaka yote hii, "Ziliibwa na nani?" Maana kauli hii mtendaji wake huja baada ya "na", na wanafunzi humsahau. Debra akasema, "Na wao." Nikasema wao ni kina nani, sentensi haijakamilika. Jeremy akaanza kutetemeka kwa kicheko. Akasema, "Kura zilihesabiwa na watu. Sentensi yangu imekamilika." Debra akampigia meza, vikombe vikaruka.

Ningenyamaza hapo ingekuwa heri. Lakini nilimgeukia Jeremy nikamuuliza, na uchaguzi wenu wa miaka minne iliyopita, ulioniambia kwamba ulichezewa, ulichezewa na nani? Akaacha kucheka. Akasema hiyo ilikuwa tofauti. Nikawaambia sisi huku tumeshazoea: aliyeshindwa ameibiwa, na aliyeshinda amechaguliwa na Mungu, na wote wawili wana wakili. Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka.

Debra aliniuliza, "Mwalimu, wewe upande wa Jeremy?" Nikamwambia niko upande wa kauli ya kutendwa. Akainuka akaingia ndani. Jeremy alinirudisha mjini.

Jumanne, 10 Novemba

Televisheni zote zimeshatangaza kwamba mgombea wa Debra ameshindwa. Debra anasema televisheni si tume. Hapo ana haki, nilimwambia hivyo, na akanitazama kama mtu aliyepewa maji. Hazungumzi na Jeremy. Kila mmoja anaongea na mimi, mwenzake akiwa palepale.

Ijumaa, 13 Novemba

Bwana Mbugua aliniita ofisini baada ya sala ya Ijumaa. Alikuwa amevaa tai nyekundu na pini ya bendera ya nchi isiyo yake. Akaniambia niketi. Akapangapanga kalamu zake.

"Madam, hii maneno imefika mbali," akasema. "Kuna mwanafunzi ameandika. Anasema unaleta siasa kwa darasa, unaleta na dini yako."

Nikamuuliza ni mwanafunzi gani.

"Siwezi sema jina. Ni hao wako wa Kitisuru. Madam, wewe ni mtu mzima, hii chuo inategemea wageni. Sasa ile kozi ya January nimepatia Kitavi. Wewe maliza na hawa mpaka Desemba, halafu tutaona."

Tutaona. Kozi ya Januari ni yangu. Niliianzisha mimi, wakati chuo kilipokuwa na vyumba viwili na Mbugua akiwa bado anauza bima. Wageni wapya wanashuka kwenye ndege na sauti ya kwanza ya Kiswahili wanayoisikia ni yangu, na mwezi ukiisha wanaweza kwenda sokoni na kurudi. Wenzangu wengi wanajua kufundisha sarufi. Hiyo kozi ndiyo kitu ninachoweza kukielekezea kidole nikasema hiki nimekifanya. Amempa Kitavi, ambaye ni kijana mwema na huwaambia wageni "vitu yangu".

Siasa na dini yako. Sikuhitaji jina. Nani aliyepiga meza? Nani aliyeniuliza niko upande gani? Nani huyo ambaye dini yangu inamkera, kama si yule anayefungua kila somo kwa dini yake? Nimekunywa chai yake barazani kwake, ananiita mwalimu kwa sauti tamu, kisha anakwenda kuniandikia nyuma ya mgongo.

Taib ananiambia niache, Mungu atanipa kazi nyingine. Sitaki kazi nyingine. Nataka huyu mwanamke aaibike. Nataka aaibike mbele ya watu wake, waumini wenzake, na Mbugua awe amesimama karibu.

Jumapili, 15 Novemba

Mvua. Hasira haijapungua, nami sijaomba ipungue.

Jumanne, 17 Novemba

Mungu ni mkubwa.

Jeremy aliwahi kuondoka leo. Debra akanizuia kidogo, akatoa simu. Akaniambia tarehe tano Desemba kutakuwa na maombi makubwa bustanini kwa rafiki yao hapo Kitisuru, Wamarekani na Wakenya pamoja, kuombea haki kwenye kura zao. Bwana Mbugua ni mmoja wa waandalizi. Wakenya watakaokuja wamefunga na kukesha kwa ajili ya nchi isiyo yao, kwa hiyo Debra anataka kuwashukuru kwa kusali kwa Kiswahili, mwenyewe, bila mkalimani. Ameandika sala. Akanisomea.

Ilikuwa sala nzuri, makosa madogo madogo, nikamsahihisha. Kisha akafika pale anapomtaja rais wao, akamwita marehemu.

Nikamwambia arudie. Akarudia, "Marehemu rais wetu." Nikamuuliza kwa upole hilo neno amelipata wapi. Uso ukamng'aa. Akasema amelitengeneza. Kuna rehema, kuna kurehemu, basi mtu aliyepewa rehema na Mungu lazima ni marehemu. Hakulitafuta popote, amelifikiri mwenyewe akiwa jikoni.

Na kibaya, au kizuri, ni kwamba kwa asili ya neno hakukosea. Wazee wetu walimwita mtu hivyo kwa kumtarajia rehema. Ila hatumwiti mpaka awe kaburini. Mkenya yeyote, hata mtoto wa chekechea, akisikia marehemu anatafuta jeneza liko wapi.

Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka. Ni mazoea, kosa likipita mbele yangu ulimi huenda wenyewe. Nikaukumbuka mkono wa Mbugua ukipanga kalamu. Nikasema, "Umefikiri sana, Debra."

Sikusema uongo. Amefikiri sana.

Alhamisi, 19 Novemba

Debra ameongeza marehemu zaidi. Amemwekea mke wa rais na watoto. Nimemsahihisha viunganishi.

Jumapili, 22 Novemba

Nilimweleza Taib, nikidhani atacheka nami. Alikuwa akikunja vitambaa vya sampuli mezani. Alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Mama Afnan, mwambie."

Nikamuuliza kwa nini nimwambie, yeye aliniambia nini kabla ya kwenda kuniandikia? Taib akasema mwalimu akiacha kosa makusudi si mwalimu tena, ni mtu mwingine. Nikamwambia huo ualimu wameshanivua, basi niache niwe huyo mtu mwingine. Afnan akapiga kelele chumbani, "Mathe, usimwambie! Hiyo itakuwa content moto sana." Taib akamwambia afunge mlango.

Jumanne, 24 Novemba

Mto umefurika karibu na Spring Valley, Jeremy alichelewa. Alipofika akamwambia Debra kwamba mahakama za kwao zimetupa kesi nyingine. Debra aliniangalia mimi akatikisa kichwa, kama watu wawili wanaoelewana. Usinifanyie hivyo, nikasema moyoni. Mimi na wewe hatuelewani.

Alhamisi, 3 Desemba

Somo la mwisho kabla ya maombi yao. Debra alirudia sala nzima barazani, Jeremy akiwa bado hajafika. Sasa anaisema bila kuangalia simu. Nikamuuliza kama Bwana Mbugua ameiona. Akasema alimpelekea, naye akajibu kwamba kama Madam ameiona hana haja ya kuisoma. Mvivu. Kila kitu chake kinafanywa na wengine na jina linawekwa lake. Basi na hili litakuwa lake.

Debra akaniomba nije Jumamosi, nikae mbele, akisahau neno aniangalie. Aliniambia anajua si ibada yangu, sitalazimika kufumba macho. Nikamwambia nitakuja, Mungu akipenda. Akaitikia amina.

Ningeweza kumwambia wakati ule. Neno moja tu, "aliyerehemiwa", lingemaliza mambo. Nikafunga barakoa, nikaaga.

Jumamosi, 5 Desemba

Bustani yenyewe ni kubwa, majani yamekatwa kama kapeti. Viti vimewekwa mbali mbali kwa ajili ya korona. Upande mmoja Wamarekani na kofia zao, upande mwingine akina mama wa kanisa la Mbugua waliovaa vitambaa vyeupe kichwani, na wachungaji wachache wa Kiambu. Mawingu yalikuwa juu lakini haikunyesha. Nilikaa mbele kama nilivyoombwa, mwanamke mmoja tu mwenye mtandio kati ya watu wote wale, na waliniamkia kwa heshima.

Mbugua alisema kwa muda mrefu kwamba wizi wa kura ni dhambi mbele za Mungu. Nilimtazama usoni nikisubiri aone haya, hakuona. Kisha akamkaribisha "dada yetu Debra, matunda ya chuo chetu". Matunda ya chuo chetu. Nilifurahi kwamba amelisema hilo kwenye kipaza sauti.

Debra alisimama. Akaniangalia, nikamwitikia kwa kichwa. Akafumba macho.

Alianza vizuri mno. Akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa Kenya, kwa mama zetu waliokesha. Akina mama wakaitikia amina kwa uchangamfu, wengine wakinyoosha mikono. Akasema, "Baba, tunamleta mbele zako marehemu rais wetu."

Amina ya kwanza ilitoka nusu. Mama mmoja alifumbua macho akamtazama mwenzake. Debra akaendelea, "Umlinde marehemu rais wetu, na marehemu mke wake, na marehemu watoto wake." Sasa watu walikuwa wakinong'onezana. Mchungaji mmoja alitoa simu yake, nadhani kuangalia habari kama kuna msiba Marekani. Wamarekani hawakujua lolote, walikuwa wamefumba macho wakitikisa vichwa taratibu.

"Umbariki ndugu yetu Mbugua, aliyetuleta pamoja. Umfanye marehemu." Mbugua alifumbua macho. "Na sisi sote tulio hapa, kabla ya jua kuzama leo, Baba, utufanye marehemu."

Hapo hakuna aliyeitikia. Mama mmoja mzito wa nyuma alisema, "Ashindwe," kwa sauti iliyosikika mpaka mbele, na wengine wakadakia, ashindwe, ashindwe, wakizungusha mikono juu ya vichwa vyao kama wanaofukuza nyuki. Kijana mmoja alianguka kwa kicheko. Halafu wakaanza wote, hata wachungaji, wakiinama na kushika matumbo. Mbugua alimnyang'anya Debra kipaza sauti, akasema hapana, hapana, ni lugha tu, jamani, ni lugha.

Debra alifumbua macho. Aliwaona watu waliokesha kwa ajili yake wakimcheka. Alinitafuta kwa macho, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba akikwama aniangalie.

Barakoa ni kitu kizuri. Hakuna aliyeuona mdomo wangu.

Jumapili, 6 Desemba

Video imefika kwa Afnan kutoka kwa watu watatu tofauti. Wameiwekea muziki. Wamemkata Mbugua pale anapofumbua macho, wanarudia na kurudia. Nimelala vizuri, nimekula vizuri. Taib hajaitazama.

Jumanne, 8 Desemba

Debra hakutokea barazani. Mfanyakazi wake alituletea chai, akasema mama yuko ndani kichwa kinamuuma. Nilimfundisha Jeremy peke yake. Alikuwa mchangamfu, ameitazama video, akaniuliza maana ya "ashindwe" na nikamweleza.

Mvua ilikuwa nyingi akanipa lifti. Tulipokuwa tunapita Spring Valley, wipa zikipiga, akaniuliza kama ni kweli sifundishi Januari. Nikasema ndiyo.

"Mimi niliandika kwa Bwana Mbugua mwezi uliopita," akasema. "Kuhusu dini darasani. Natumaini haikuleta shida."

Nikamuuliza aliandika nini hasa.

Akanieleza bila wasiwasi wowote, Kiswahili chake kikiwa safi, kila kiambishi mahali pake. Kwamba darasa linafunguliwa kwa sala ya Debra, na mwalimu naye anaanza kwa bismillahi na kumaliza kwa Mungu akipenda. Kwamba siku ile ya kura nilimlinganisha yeye na Debra, na si haki kuwalinganisha watu wa ukweli na watu wa uongo. Kwamba chuo cha lugha hakipaswi kuwa na Mungu wala siasa. Kisha akaongeza, akinigeukia kwa tabasamu la kirafiki:

"Haikuwa kuhusu wewe, mwalimu. Ilikuwa kuhusu kanuni."

Nilimwambia asimamishe gari. Akasema mvua kubwa. Nikamwambia asimamishe. Nilishuka pale pale kwenye matope nikaenda kwa miguu mpaka Westlands, viatu mkononi, mtandio umenigandia shingoni. Nilikuwa nikiongea peke yangu na watu wakinipisha. Kwa hiyo huyu ndiye. Huyu aliyenirudisha nyumbani kila wiki, aliyeniambia Debra anawaogopa watu kama mimi. Na hata hajui amefanya nini. Akijua pia hataona kitu, maana ilikuwa kanuni.

Nataka apatikane na yeye. Nimefikiria njia nzima nitampata vipi. Lakini Jeremy hatengenezi maneno. Hasemi neno mpaka alihakikishe kwenye simu. Hakuna mlango wa kumwingilia mtu wa namna ile. Mlango ulikuwa kwa Debra, kwa sababu Debra alinifungulia.

Jumatano, 9 Desemba

Bwana Mbugua amepiga simu. Sauti ilikuwa ya mtu anayemeza dawa. "Madam, January rudi kwa kozi yako. Huyo mama wa Kitisuru amesema misheni yao yote itatoka kwa hii chuo kama si wewe unafundisha. Amekuja hapa mwenyewe, na hiyo aibu yote." Akakata kabla sijamjibu.

Kozi yangu imerudi. Nimekaa na hiyo habari kutwa nzima na sijui niiweke wapi. Sijamwambia Taib.

Alhamisi, 10 Desemba

Debra alikuja nyumbani leo, Parklands, kwenye mvua. Afnan alimfungulia mlango, akaniita, kisha akakimbilia chumbani akiwa ameziba mdomo. Debra alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikamkaribisha, nikamletea chai. Amekonda usoni, au nilikuwa sijamtazama sawasawa muda huu wote.

Aliongea Kiingereza mwanzo. Alisema mumewe amemwambia aache Kiswahili, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kata shauri kuacha. Hawezi kwenda dukani, vijana wa getini wanamwita marehemu. Akina mama wale walimpigia simu kumsamehe, na hiyo ilimuuma zaidi. Kisha akaweka kikombe chini, akaingia kwenye Kiswahili polepole.

"Bwana Mbugua anasema wewe ulisoma sala yote. Anasema ulijua."

Kwa muda wa wiki tatu nilikuwa nimeliandaa jibu la swali hilo. Nililiandaa kila nilipopiga pasi, kila nilipopika. Nilikuwa nimtazame machoni nimwambie ndiyo, nilijua, na wewe unajua kwa nini. Lilikuwa jibu zuri, na lilikuwa la mtu mwingine kabisa.

Nikasema, "Sikuliona, Debra."

Aliegemea nyuma kama mtu aliyetua mzigo. Machozi yakamtoka na akacheka hapo hapo. Akanishika mkono, korona na yote. Akasema:

"Niliwaambia wote kwamba mwalimu wangu asingeniacha niaibike kama angejua."

Miezi yote hii Debra hajawahi kunitolea sentensi ndefu namna hiyo bila kosa. Ile -nge- wanafunzi wengi huikimbia mpaka wanapanda ndege kurudi kwao, na yeye ameipatia mara mbili, ya kukanusha na ya kukubali, bila hata kusita. Alikuwa akinitazama, akisubiri, kwa sababu mwanafunzi wangu akipatia huwa namwambia vizuri sana. Nilifungua mdomo nimwambie. Haikutoka sauti yoyote.